Ua si Buni: Siku Moja Karagwe na Kyerwa

Saa kumi na mbili asubuhi mji wa Kayanga hauonekani, unasikika. Jogoo anawika, pikipiki inakohoa mara tatu kabla ya kukubali kuwaka, mtu anafagia uwanja kwa fagio la chelewa, na chini kabisa bondeni ng'ombe analia. Vyote hivyo vimo ndani ya ukungu mzito, mweupe kama tui la kwanza. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mwezi wa Novemba mtu hulala dirisha wazi akijipepea. Hapa nililala na mablanketi mawili na soksi, na nilipochungulia nje nilirudisha kichwa haraka. Kijana wa nyumba ya wageni akagonga mlango, mkononi ana ndoo ya maji yanayofuka na kunukia moshi wa kuni. Bomba la chumbani lipo, tena linang'aa, ila asubuhi ile lilikuwa linatoa pumzi tu. "Shikamoo. Oga upesi mzee, huku maji yanapoa ukiyatazama." Nikaoga kwa kata huku nikitetemeka, na nilipomaliza nilikuwa macho kuliko nilivyowahi kuwa macho saa ile.

Nilikuwa nimekuja na mzigo usioonekana. Kwa miaka kadhaa sasa kila nikisafiri najaribu kuzungumza falsafa na watu ambao hawakupita mlango wa chuo kikuu: mafundi cherehani, wavuvi, wauza mkaa. Si kazi yenye heshima kubwa. Kiswahili cha mtaani kimeshaitolea hukumu: mtu akizungusha maneno huambiwa, "Acha falsafa, sema shida yako." Hukumu hiyo tumejitakia wenyewe, sisi tuliosomea jambo hili tukalifungia kumbini, tukaliandika kwa lugha za mbali, kisha tukashangaa mbona hatusikilizwi. Karagwe niliichagua kwa sababu ya maswali mawili yaliyoulizwa huku mwaka 1861. Tutayafikia tukifika Bweranyange. Kwanza chai.

Chai ya Kayanga ni maziwa yaliyosikia habari za majani ya chai. Inakuja kwenye kikombe cha bati, ina utando juu, na chapati yake imetoka kwenye kikaango sasa hivi. Nilikaa karibu na jiko kwa kisingizio cha kupiga soga na mama mpishi. Akaniuliza nimekuja kununua nini, kahawa au maharage. Nikamwambia nimekuja kuzungumza. "Kuzungumza tu?" Akanitazama kwa huruma, akaniongezea chapati ya pili ambayo baadaye hakuihesabu kwenye bei.

Ukungu hauondoki kwa mara moja. Kinajitokeza kilima kimoja, halafu kingine nyuma yake, kila kimoja na kijani chake, mpaka unagundua kwamba umesimama juu ya mgongo wa nchi na mabonde yako pande zote mbili. Kila panapoonekana paa pana migomba, na chini ya migomba pana mibuni. Sokoni harufu zinapishana: udongo mwekundu uliolowa, moshi, maganda ya ndizi, magunia ya buni kavu. Nikamwambia muuzaji nataka ndizi. Akacheka mpaka jirani yake akageuka. "Ndizi? Hiyo ni sawa na kwenda mnadani ukasema nataka mnyama." Akanionyesha mikungu: hii ya kupika ndiyo ekitoke, hii gonja ya kuchoma, hii ya kuivisha na kula, hii ya kukamua pombe, na ukikosea ukaipika hii ya mwisho utakula kwa machozi. Ilinichukua semina nzima kuelewa darasani tofauti kati ya jina la jumla na vitu vyenyewe. Yeye alinimalizia kazi hiyo kwa dakika mbili, huku akirudisha chenji ya mteja mwingine.

Hatua chache mbele yake mwanamke alikuwa anakaanga senene. Novemba ndio mwezi wao. Usiku watu huwasha taa kali na kuwakusanya wanapoanguka kama mvua, na asubuhi kazi ni kunyofoa mabawa na miguu. Kikaangoni hawahitaji mafuta mengi kwa sababu wana yao. Chumvi na kitunguu vinatosha. Wa kwanza nilimla kwa adabu, wa pili kwa udadisi, na nilipozinduka nilikuwa nauliza bei ya pakiti nzima. Wana utamu wa kuku aliyekaangwa na harufu kidogo ya majani mabichi, na miguu iliyosahaulika hukwama kwenye meno hadi jioni.

Benchi nililoelekezwa liko mbele ya duka la pembejeo. Ni ubao wa mkaratusi uliosuguliwa na suruali za miaka mingi mpaka unateleza. Wazee watatu walikuwa wameketi, na bibi mmoja mwenye gambuti na mwavuli mweusi, na kijana wa bodaboda aliyekaa kwenye pikipiki yake kama mtu aliye ndani na nje ya kikao. Nikatoa shikamoo ya wote, nikapokewa kwa marahaba ndefu. Wakauliza nimelalaje, nyumbani wamelalaje, Tanga kuna mvua, mke hajambo. Mzee mmoja alikuwa akiniita "waitu", neno la heshima la huku ambalo nilikuwa nalisikia tangu Bukoba na ambalo sijapata la kufanana nalo pwani. Mtu haingii kwenye hoja kabla ya kuingia kwa watu. Nilipokwisha kuulizwa hata habari za mbuzi nisiokuwa nao, wakarudi kwenye kesi yao.

Kesi ilikuwa ya butura. Neno hili lisikupite, maana hutaielewa Karagwe wala Kyerwa bila hilo. Butura ni kuuza kahawa ingali juu ya mti, pengine ingali ua. Mnunuzi anakulipa leo bei ndogo, mavuno yakifika yote ni yake. Imepigwa marufuku, imekemewa mikutanoni, na bado ipo, kwa sababu ada ya shule na homa ya mtoto havingoji msimu. Jirani mmoja, ambaye hakuwepo, aliuza shamba zima likiwa maua ili mwanawe aende sekondari. Bei ikaja kupanda, ikapanda mno. Sasa anasema alidhulumiwa, na mnunuzi anasema neno ni neno.

"Alishurutishwa? Hakushurutishwa," alisema mzee wa kofia. "Alihesabiwa hela mkononi. Neno likitoka limetoka."

Bibi hakuinua kichwa. "Aliuza nini?"

"Kahawa."

"Kahawa ilikuwepo?"

Mzee wa kofia akasita. "Ilikuwepo mtini."

"Mtini palikuwa na ua. Ua si buni. Mvua ya mawe ikipita hapo, ua liko chini. Mtu atauzaje kitu ambacho hana?"

Kijana wa bodaboda akadakia kutoka juu ya pikipiki. "Basi bibi, mnunuzi naye alinunua asichokiona. Ile mvua ya mawe ingepita, angemdai nani? Hatari aliibeba yeye, na faida ndiyo ujira wa hatari."

"Alibeba hatari ya pesa," alisema mzee wa pili taratibu, kama mtu anayehesabu punje. "Mwenzake alibeba hatari ya mtoto kukaa nyumbani. Hizo mbili unazipima kwenye mzani gani?"

Hapo nikaona nafasi ya kufungua mzigo wangu. Nikawasimulia habari za Thales wa Mileto, ambaye Wagiriki humhesabu mwanafalsafa wao wa kwanza. Aristotle ndiye anayeisimulia. Watu walikuwa wanamcheka Thales kwamba hekima yake haimpatii hata shati. Yeye akasoma nyota, akaona mwaka unaokuja zeituni zitazaa sana. Kingali kipupwe, akatanguliza arubuni ndogo kwenye vinu vyote vya kukamulia zeituni vya Mileto na Chios, kwa bei ya chini kwa kuwa hakuna aliyeshindana naye. Mavuno yakafika, kila mtu anataka kinu siku hiyohiyo, naye akavikodisha kwa bei aliyopenda. Alitaka kuonyesha kwamba wanafalsafa wanaweza kutajirika wakitaka, ila si hilo wanalolitafuta. Nilimaliza kwa madaha kidogo, nikasubiri.

"Kumbe mwanafalsafa wenu wa kwanza," alisema bibi, "alikuwa mnunuzi wa butura."

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Nikajitetea: alikodi vinu, bibi, hakununua zeituni. Akanyanyua kidole. "Wenye vinu walijua alichokijua yeye?" Hapana. "Aliwaambia?" Hapana. "Basi niambie wewe uliyesoma. Huko kunyamaza kwake ni hekima au ni ujanja? Maana sisi tuna neno amagezi, na lenyewe linabeba vyote viwili." Nimeisikia hadithi ile tangu mwaka wa kwanza wa masomo, nikaisimulia mara nyingi, na sikumbuki hata siku moja mtu aliyewaulizia wenye vinu.

Mwaka 1992 mwalimu mmoja wa falsafa, Marc Sautet, alianza kukaa Jumapili asubuhi katika mgahawa wa Café des Phares, uwanja wa Bastille jijini Paris, akiwaalika wapita njia wajadili swali lolote. Jambo likaenea, miji mingi ya dunia ikawa na mikahawa ya falsafa, na watu wakaliandika kama uvumbuzi. Nilipokuwa Kayanga nililitazama kwa jicho jingine. Paris wana kahawa kikombeni, hapa wana kahawa mtini, na wakati wote huo benchi lilikuwepo. Kinachopungua hapa ni mtu wa kukaa na kuandika kwamba limesema nini.

Mwenzetu aliyelifahamu hilo mapema ni Mkenya, Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu miaka ya 1970 alikwenda vijijini akirekodi mazungumzo na wazee, baba yake mzazi akiwa mmoja wao, na mwaka 1990 akatoa kitabu juu ya falsafa ya wenye hekima. Alikuwa mkali katika jambo moja. Kukariri methali za kabila hakukutosha kumpa mtu jina la mwanafalsafa. Alimtafuta mzee anayeweza kuigeukia methali ya kwao akaiuliza maswali, hata akaikataa. Mzee wa kofia alituletea usemi wa Kiswahili safi, neno likitoka limetoka. Bibi ndiye aliyeiweka kizimbani.

Kesi haikuamuliwa. Wakakubaliana wamngoje mnunuzi mwenyewe aje Jumamosi. Nikamwomba kijana wa bodaboda anipeleke Bweranyange.

Barabara ya kwenda huko baada ya mvua ni somo la unyenyekevu. Udongo mwekundu ukilowa huwa sabuni. Mara mbili nilishuka kusukuma, mara moja nilishuka bila kutaka, na suruali yangu ya kaki ikapata rangi ya nchi. Lakini macho yalilipwa. Njia inapita migombani ambako kuna baridi ya kivuli na ukimya wa msikitini, kisha ghafla inatoka kwenye nyasi tupu, upepo, na ng'ombe wenye pembe ndefu zilizopinda kama kinubi, wakitutazama kwa dharau ya kifalme. Mibuni michache iliyochelewa ilikuwa bado na maua. Kijana akazima pikipiki ninuse. Ni asumini kabisa, asumini ya kwetu Tanga, imehamia bara ikawa na kazi.

Bweranyange ilikuwa makao ya Abakama, yaani wafalme, wa Karagwe, wa ukoo wa Wahinda. Sikuja kutafuta majengo. Nilikuja kusimama mahali palipoulizwa yale maswali. Novemba 1861, Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Omukama Rumanyika wakiwa safarini kutafuta chanzo cha Mto Nile. Speke mwenyewe ameandika kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili, tena kizuri. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha weka kituo chao Kafuro, jirani na hapa, wakauza shanga na vitambaa, na lugha ikaja pamoja na bidhaa. Rumanyika alipokwisha kuwakaribisha akaanza kuhoji. Je, jua tunaloliona leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jua jipya? Na mwezi unapobadili sura, je, unatucheka sisi tunaokufa?

Speke naye alikuwa na udadisi wake. Katika kitabu cha safari alichokitoa 1863 anaeleza jinsi alivyompima kwa utepe shemeji wa mfalme, mama aliyenoneshwa kwa maziwa: mkono, kifua, paja. Mgeni akapima mwili wa mwenyeji, mwenyeji akauliza habari za jua, na vitabu vikamwita mgeni mvumbuzi. Hata hivyo tusimfanye Rumanyika malaika. Wanawake kama yule walinoneshwa nyumbani kwake mpaka kusimama kukawa taabu, na hilo halimo katika maswali yake. Kwa mizani ya Oruka, aliuliza juu ya mbingu akasahau jikoni kwake.

Nikamgeukia kijana wa bodaboda. Jua la leo ndilo la jana?

"Ndilo hilohilo."

"Unajuaje?"

"Shuleni walituambia."

"Na wewe unajuaje?"

Akalitazama, likiwa limejificha nusu nyuma ya wingu. Akatazama nyasi. "Kumbe sijui," alisema, na hakuonekana kuona aibu. Alionekana kama mtu aliyepata shilingi mfukoni kwenye koti la zamani. Njiani alisimamisha pikipiki mara mbili kunipa njia za kuhakikisha. Ya pili, iliyohusu madoa na kioo kilichopakwa masizi, haikuwa mbaya hata kidogo.

Hakukubali tupite kwao bila kuingia. Nyumba iko katikati ya kibanja, na kibanja ni ulimwengu: migomba juu, mibuni katikati, maharage chini, majani makavu yametandazwa kama zulia na mguu hausikiki. Mama yake akatoka akifuta mikono, akanipokea mkoba kama tuliahidiana. Chakula kilikuja juu ya jani la mgomba, ebitoke vimepikwa pamoja na maharage mpaka vimekuwa rangi ya dhahabu chafu, vinafuka, vinanukia kitunguu na jani lenyewe. Ndizi ile haina haraka. Inakaa ulimini, inayeyuka, ndipo inasema ilichokuja kusema. Kila nilipoacha kutafuna mama aliuliza kama chakula kina kasoro.

Baadaye akaleta kikapu kidogo cha akamwani, kahawa iliyochemshwa na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, ikaanikwa. Hapa kahawa hutafunwa. Uchungu wake ni mfupi, kisha kinywa kinabaki safi na akili inakaa wima. Mama akapasua tunda moja mbele yangu: ndani mna punje mbili zimetazamana. Zamani, akasema, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjiana, wakabadilishana punje hizo zikiwa zimeguswa damu, na tangu hapo mmoja asingeweza kumdhulumu mwenzake. Nikamuuliza je, mtu na nduguye wa chale wanaweza kuuziana butura? Alifikiri kwa muda mrefu. "Ndugu hamuuzii ndugu ua," alisema. "Humkopesha." Nilijaribu kulipia chakula, akakasirika kweli. Nikaondoka na mkungu mzima wa ndizi wa kupeleka Tanga, zawadi ambayo mtu hawezi kuikataa wala kuibeba.

Kwenda Kyerwa unapanda gari Omurushaka, njia panda yenye kelele, mishikaki na wapiga debe. Wilaya ya Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini watu ni walewale, Wanyambo, na gari ni lilelile, Noah ya kijivu inayoondoka ikijaa. Swali ni imejaa lini. Wagiriki wanalo fumbo la chungu ya mchanga: punje moja haifanyi chungu, ukiongeza moja bado, basi chungu huanza lini? Konda wetu alilijua fumbo hilo kwa vitendo. "Mmoja tu, mmoja hajazi gari," alisema kila mara, na kila mara alikuwa sahihi, mpaka tukawa kumi na tatu, kuku wawili na mkungu wangu. Nilimpakata mtoto wa mtu, mzee mmoja akanipakata mimi nusu.

Redioni palikuwa na kipindi cha kilimo. Karagwe ina redio zake za jamii, FADECO ikiwa ndiyo inayotajwa zaidi, na wasikilizaji hupiga simu kubishana na mtaalamu bila woga. Mzee aliyenipakata akakumbuka redio nyingine, ya mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kijiji kizima kilikaa chini ya mti kuzunguka chombo kimoja, kisha wakajadili. Watu wazima wapatao milioni 2 nchini walishiriki, na vyoo vikachimbwa. Kampeni ile ilikuja na majibu yake tayari, na ilistahili, maana maji yachemshwe ni maji yachemshwe. Lakini mzee alichokumbuka kwa furaha kilikuwa kitu kingine. "Ilikuwa mara ya kwanza mke wangu kunipinga mbele za watu," alisema. "Na alikuwa na haki."

Baada ya Nkwenda vilima vinasimama zaidi na barabara inavitafuta kwa chini. Watu wakanionyesha upande wa machimbo ya bati, kisha vilima vya magharibi, ambako Mto Kagera unatenganisha Tanzania na Rwanda. "Ukipanda pale," alisema dada mmoja wa kiti cha nyuma, "simu inashika mtandao wa Rwanda na saa inarudi nyuma. Unatoka shambani saa saba, unafika juu saa sita." Wote wakacheka, kila mmoja ana kisa chake cha kuchelewa ibada au kuwahi mkutano kwa sababu ya kilima.

Sikuweza kuvumilia. Nikawaambia ng'ambo ya mto huo alizaliwa padri Alexis Kagame, aliyechapisha mwaka 1956 kitabu cha falsafa kilichotokana na lugha ya Kinyarwanda. Alisema vitu vyote vilivyopo huingia mafungu manne: umuntu, chenye akili; ikintu, kisicho na akili; ahantu, mahali na wakati kwa pamoja; na ukuntu, namna. Gari zima likaanza kuyatamka kwa Runyambo, omuntu, ekintu, ahantu, likashangaa kwamba padri alifanya kitabu kwa maneno wanayotumia kuitia mbuzi. Mahali na wakati fungu moja? Dada wa kiti cha nyuma aliona ni dhahiri: si nimekuambia habari za kilima? Lakini mzee wangu hakuridhika. "Mbwa wangu ni ekintu?" Kwa Kagame, ndiyo, mnyama yuko fungu hilo. "Mimi nikitoka kwenye pombe ya rubisi usiku siijui njia ya nyumbani. Yeye anaijua, ananipeleka. Sasa kati yetu, saa hiyo, omuntu ni nani?" Hoja hiyo ilitufikisha Isingiro, na mshindi hakupatikana.

Jua lilikuwa linashuka tulipoingia Murongo. Mto ni mpana kuliko nilivyotarajia, wa rangi ya chai ya maziwa, kando yake mafunjo yanainama na kuinuka. Ng'ambo ni Uganda, taa za Kikagati zinawashwa moja moja, na sauti za watoto wa upande wa pili zinafika bila pasipoti. Nikanunua gonja ya kuchoma, imepasuka ngozi, sukari yake imeungua ukingoni. Mchomaji alikataa kunipa moja. "Mtu hali gonja moja, hiyo ni kuionja." Nikakaa kwenye kigogo nikala mbili, mvua ikaanza kwa matone makubwa, na watu wanne nisiowajua wakanivutia chini ya bati lao na kunipisha kiti.

Usiku mvua ilipiga mabati mpaka asubuhi, umeme ulikwenda ukarudi ukaenda, na mkungu wangu wa ndizi ukalala pembeni mwa kitanda kama mgeni mwingine. Nilifungua daftari. Nilichokileta kilikuwa kisa kimoja cha Thales. Nilichoandika kilijaza kurasa kumi na moja.

Ukienda, chukua koti zito na viatu usivyovionea huruma. Novemba utapata matope na senene, kwa bei moja. Ukikaa kwenye benchi usianze kwa kueleza. Uliza kahawa imefikia bei gani, kisha nyamaza. Na ukimkuta bibi mwenye mwavuli mweusi mbele ya duka la pembejeo, msalimie. Ananidai jibu, kama kunyamaza kwa Thales kulikuwa hekima au ujanja. Mavuno ya kahawa yanaanza Mei, na nimemwahidi kurudi nalo kabla ya hapo.